Tuzo Imekwenda kwa Dibaji

Alhamisi, Katandala

Na bado tunajiita majaji!

Leo tumekaa watatu kuchagua mshindi wa tuzo ya vitabu vya sera. Vilibaki viwili, vyote vya mahindi. Kimoja ni cha dada mmoja wa Namanyere, anayeuliza mkulima anabaki na nini mahindi yake yakizuiwa kuvuka mpaka wa Kasesya. Nimekisoma mara mbili. Kingine ni cha bwana mmoja mstaafu, na dibaji yake kaiandika mheshimiwa yule yule aliyetoa amri ya kuzuia mahindi, ambaye ndiye mgeni rasmi wetu siku ya tuzo.

"Dibaji nzito sana hii," akasema Mzee Salum, mwenyekiti wetu.

"Mzee wangu, umeisoma saa ngapi? Mbona kitabu chako bado kiko kwenye nailoni?" nikamuuliza.

"Aliyeiandika namjua, mwalimu. Hawezi kuandika dibaji nyepesi."

Jaji wa tatu akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa sambusa.

Nikamtetea yule dada. Mzee akanitazama kwa huruma. "Tumwalike mheshimiwa, halafu tumpe zawadi mtu anayemsema?"

Kura mbili kwa moja. Mstaafu kashinda.

"Maelezo ya ushindi utaandika wewe," Mzee akaniambia. "Si ndiwe msomaji wetu?"

Nilitaka kukataa. Nikakumbuka maombi yangu ya uhamisho yako mezani kwa mheshimiwa huyo huyo.

Basi nimeandika. Ukurasa mzima, naisifu dibaji.

Nailoni ya nakala yangu sijaichana.