La Mineur wa Mume Wangu

Shituru, Likasi

Yaya wangu Ngoie,

Kaa kwanza, ndipo usome. Mguu wako unaendeleaje? Na mama, kile kikohozi cha kiangazi kimemwacha? Mimi huku ni mzima wa mwili. Moshi wa kiwanda unatuchoma koo asubuhi, maji ya bomba yanakuja yanapotaka, lakini tunakula. Roho ndiyo mgonjwa, Yaya. Nina wivu. Nakuandikia neno hilo bila aibu kwa sababu wewe ndiye dada uliyenilea na unajua nilivyo.

Ujumbe wangu najua ulikufikia, ule niliompa mama muuza samaki aliyepanda treni ya kuja Kongolo, kwamba kaka aje kunichukua. Sasa nikueleze wivu huu ulivyoanza.

Unajua mume wangu, Baba Mwamba, anapiga klarineti katika fanfare ya kampuni, ile bendi ya matarumbeta. Kiongozi wao ni Citoyen Kapenda, jirani yetu. Tangu tumzike mtoto wetu Mwamba, mume wangu akitoka kazini huenda moja kwa moja kwa Kapenda. Anarudi macho mekundu, anagusa chakula kidogo. Nikimuuliza, "Ni mambo ya fanfare tu." Jumapili moja Kapenda akaja kwetu, wakakaa nje karibu na dirisha la jikoni. Mimi nilikuwa nasonga bukari. Nikasikia.

"Weye unapenda sana ile la mineur," Kapenda anamwambia.

"Nisiposikia sauti yake, siku yangu haiishe."

"Minye nakuambia, hapana kufanya haraka. Iko polepole, iko na huzuni. Ngojea tu. Ku mwisho iko majeur."

"Nitangojea," mume wangu akasema.

Yaya, mwiko ulinitoka mkononi! Sisi hapa mtu ni "iko" na kitu ni "iko", ningejuaje? Kwanza nilifikiri ni mineur mchimbaji wa mgodini, kama wale wa Kamatanda. Lakini mwanamke gani anachimba shaba? Ndipo nikakumbuka maneno ya ofisini tulipoandikisha ndoa: mineur ni mtoto ambaye sheria bado haijamruhusu kuolewa, majeur ni yule aliyefikisha umri. Basi nikajua. Mume wangu ana kasichana mahali, kapole, kenye huzuni, na anakangojea kakue aniletee mke mwenza.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Nilinusa mashati yake hadi pua ikauma, yakanuka asidi ya kiwanda tu. Wasichana wa shule wakipita nawapima kwa macho, yupi mpole, yupi mwenye huzuni. Binti wa fundi cherehani, maskini, aliniamkia vizuri nami nikamgeuzia mgongo. Ndipo nikakutumia ule ujumbe.

Lakini nilitaka kumwona kwanza kabla ya kuondoka. Jioni moja nikajifunga kitenge kiunoni nikamfuata hadi kwa Kapenda. Mlango ulikuwa wazi, nikaingia bila hodi.

"Iko wapi?" nikapiga kelele. "Ule mutoto munangojea, iko wapi? Mumutoe inje nimuone!"

Mke wa Kapenda alikuwa anachambua maharagwe. "Mutoto gani, Mama Mwamba?"

"La mineur!"

Kapenda alicheka mpaka miwani ikaanguka. Mezani, alipokaa mume wangu, palikuwa na gramafoni, na juu yake santuri aliyoachiwa na mzungu mmoja aliyerudi kwao. Akanipa jalada lake: picha ya watu wengi wenye fidla, na chini yake yale maneno, en la mineur.

"Mama, la iko noti tu, mineur njo vile wimbo inalia," akaniambia. "Majeur njo vile inacheka. Hii yetu inaanza mu kilio, polepole, halafu inamaliza mu kicheko. Ikaa usikie."

Nikakaa, nimeona haya. Akarudisha sindano mwanzo. Fidla zikaanza chini, taratibu, kama watu wanaofuata jeneza. Halafu klarineti moja ikaingia peke yake. Nikamtazama mume wangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hayafuti.

Yaya, ulikuwepo siku ya mazishi. Ulimwona, anaonyesha watu mahali pa kuweka viti, jicho kavu. Nililia peke yangu tangu siku hiyo. Kumbe machozi yapo! Anawapelekea watu wa kwenye santuri, wasiojua hata mtoto wangu aliitwa nani. Wivu nilioingia nao ulikuwa mdogo. Msichana ningemkokota hadi kwa mama yake. Fidla nitaikokota kwa nani?

Njiani nikamwambia, "Kule unalia. Kwa minye, hapana."

"Mu nyumba weye njo unalia. Tukilia bote wawili, nani atakamata mwenzake?"

"Na weye, nani alikukamata?"

Akaongeza mwendo. Nikamwambia achague: alie nyumbani, au mimi napanda treni na kaka. Akasema gramafoni si yake. Nikamwambia, basi imba.

Tulipofika nyumbani akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, akaanza kuimba ile polepole kwa midomo iliyofumbwa, vibaya kabisa, mimi nakoroga mboga ya sombe. Alipofika pale inapoingia klarineti, sauti ikamkatikia. Akasema, "Mwamba." Tangu makaburini sikuwa nimemsikia akilitaja jina hilo. Nikaepua chungu, nikakaa chini karibu naye.

Wivu bado ninao, usinidanganye kwamba utaisha. Siku nikibaki peke yangu na ile santuri sijui nitaifanya nini. Lakini kaka asije. Kama ameshapanda treni, nitampikia, amsikie shemeji yake akiharibu wimbo.

Nisalimie mama, na mjomba mwashi, na yule shangazi anayesema mimi nina kichwa kigumu. Binti yako mdogo mbusu mashavu yote mawili. Mimi naenda kwa fundi cherehani kumwomba msamaha binti wake.

Mdogo wako akupendaye,
Feza, Mama Mwamba