Jini Haazimi Kinu

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu za Gazi zikufikie ukiwa mzima huko shuleni. Mamako amejifungua salama Msambweni. Umepata ndugu wa kiume, alhamdulillahi.

Umeniuliza: yule mtu wa hadithi yenu ya Kiingereza, aliyekwama kisiwani, amwandikie nini nahodha hata akubali kuja kumwokoa?

Nilipokuwa msichana, maji yalijaa tukiwa mikokoni, mimi na shangazi yangu Mwanasha, tukiokota chaza. Tukapanda mti, tukampigia kelele Bakari, kijana wa jirani, aliyekuwa akipita na mtumbwi. Akazidi kupiga kafi, asigeuke. Kwetu sauti ya mikokoni haiitikiwi. Huenda ikawa ya jini.

Shangazi akaninyamazisha, akaita kama mtu aliye uani kwake: "Bakari! Kinu cha mamako bado kiko kwangu. Nikizama, nani atamrudishia?"

Bakari akageuza mtumbwi huku akicheka. "Jini haazimi kinu!"

Basi mtu wenu asianze kwa kulia. Amkumbushe nahodha jambo wanalolijua wao wawili tu.

Kinu tulikirudisha jioni ileile, kimejaa chaza. Nami nikaishi hata nikaitwa bibi.

Bibi yako akupendaye,
Mwanamkasi