Protini Iliyokawia Kuingia

Kizwite, Jumatano. Upepo baridi tangu asubuhi, jua lipo lakini halisaidii.

Sijatulia. Nimefua nguo zilizokuwa safi.

Nilikuja kwa mama baada ya kuaga maabara chuoni, Dar es Salaam. Nilisema nahitaji kupumzika. Kumbe nilikuwa nimekata tamaa.

Nilikuwa nachunguza jinsi protini zinavyoingia kwenye kiini cha seli. Kiini kina matundu madogo sana, na protini kubwa haipiti bila kuwa na kipande maalumu cha utambulisho. Zangu mbili zilikuwa nacho, tena zilikaribiana ukubwa. Moja iliingia upesi, nyingine ikakawia. Nilirudia jaribio hadi nikachukia darubini. Nikaamini mkosaji ni mimi.

Leo mchana amepiga simu Neema, mdogo wangu wa maabarani, aliyebaki na sampuli zangu.

"Dada, hukukosea! Ile inayokawia ni ngumu, haikunjuki kirahisi. Tumeilegeza kidogo karibu na kile kipande cha utambulisho, sasa inaingia chapchap."

"Na ukiilegeza upande wa mbali?"

"Hakuna kinachobadilika. Kumbe ule upande unaotangulia kwenye tundu ndio unaoamua. Rudi bwana, kazi ni yako hii."

Nilikaa chini palepale uani.

Miezi yote ile nilikuwa natazama jibu nikidhani ni kosa.

Ningefurahi tu, lakini nimeshamwahidi sista mkuu wa shule huko Kaengesa kwamba Jumatatu naanza kufundisha baiolojia. Mama ameshaitangazia jumuiya nzima. Tangu baba afariki analima peke yake, na tangu nirudi ameanza kusema "shamba letu" tena.

Nilimkuta anapeta ulezi. Nikamweleza yote, vibaya vibaya, huku nahema.

"Kwa hiyo unaondoka."

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema. Na watu mimi nitawaambia nini?"

Akaendelea kupeta kwa hasira, makapi yakanirukia usoni, na wala hakuniambia nisogee. Baadaye kidogo akauliza, bila kuniangalia:

"Hivyo vitu vinaonekana?"

"Kwa darubini. Tunavitia rangi inayong'aa."

"Na ulikuwa unaviangalia peke yako, siku zote hizo?"

"Peke yangu."

Akaweka ungo chini. Aliponiangalia, macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani ni vumbi.

Tangu hapo nazunguka tu, chumbani, uani, barabarani, narudi. Namtaka Neema na darubini yangu. Namtaka na mama. Nani atamsaidia kuvuna mwakani?

Jioni hii, akichochea moto, mama amesema kesho tunakwenda Kaengesa wote wawili.

"Ukamwambie sista mwenyewe, kwa mdomo wako. Na usije ukamdanganya kwamba unaumwa."

Ndivyo hasa nilivyokuwa nimepanga kusema.