Madoa kwenye Theluji ya Salkantay

Furaha, mjukuu wangu,

Bwana akufunike kwenye baridi ya Montréal. Hapa mtaani Anderlecht papa yako anakohoa, lakini bado anatupigia kelele, donc ni mzima.

Umeuliza kuhusu picha ya mlima ukutani kwangu, na mbona theluji yake ina madoa. Ule ni Salkantay, wa Peru. Sijawahi kufika.

Nilipokuwa mgeni hapa Brussels, nilimtunza mama mzee wa Peru, kule mtaa wa Uccle. Kila asubuhi alichovya kidole kwenye chai, akairushia picha matone, akausalimia mlima kwa jina. Kwa Kiquechua, lugha ya kwao, alisema, jina hilo ni la kitu kikali kisichofugika.

"Sasa maman, mkali unamsalimia ya nini?" nikamuuliza.

"Ndiye aliyenilea."

Nyiragongo, mlima wetu wa Goma, ulikuwa umeichoma nyumba yetu kwa moto wake, na tangu siku hiyo sikuwa nimelitaja jina lake.

Asubuhi moja alishindwa kuinuka, akaniomba nisalimie kwa niaba yake. Nikachovya, nikarusha, na mdomo wangu wenyewe ukasema: "Jambo, Nyiragongo."

Nikaona haya, machozi yakanitoka. Yeye akacheka ndani ya blanketi.

"Si kitu. Milima inaonana kutoka mbali."

Alipofariki, watoto wake walinipa picha. Usimwambie pasta: madoa yaliyofifia ni ya yule mama. Mabichi ni yangu, ya kuusalimia mlima wa kwetu Goma.

Nyanya yako,
Zawadi