Kila Bunduki na Jina Lake

Ruiru,
Jumatatu, 9 Juni 1958

Kwa kaka yangu mpendwa, Mwalimu Jeconia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako. Natumaini zitakukuta mzima wewe na wote wa nyumbani, na kwamba goti la mama limepata nafuu sasa mvua zimepungua. Mwambie mke wangu Nekoye kwamba kitambaa alichoniagiza nimekipata Thika, nitampa mtu amletee. Mimi mwili wangu hauna ugonjwa. Mengine nitakueleza hapa, ila nakuomba usome peke yako kwanza kabla ya kumsomea mama, hata akikununia.

Uliniuliza kama ni kweli huku kuna Memba Mwafrika wa Baraza anayewanyima Wazungu usingizi kwa habari ya bunduki. Ni kweli, kaka. Anaitwa Bwana Ndambuki, mtu mfupi mwenye koti la kumbana, lakini akifungua kinywa unasahau koti. Mwezi uliopita alipata kibali cha D.C. akatukusanya Thika baada ya ibada. Alisema kwamba wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari, bunduki ziligawanywa mashambani kwa manyapara, walinzi na hata makarani, na sasa vita vimekwisha ila bunduki hazijarudi, na watu wanaendelea kuzikwa. Anataka sheria: kila bunduki iwe na jina moja mbele yake, kila risasi iandikwe aliyeipiga, na ambayo haina kazi irudishwe polisi kabla ya mwaka kwisha. Hoja yake itasomwa katika Baraza la Kutunga Sheria keshokutwa, Jumatano.

Wakubwa wamekwisha kumjibu kupitia gazeti kwamba bunduki za mashamba ziko katika mikono ya watu waaminifu. Ndiyo maana aliwaambia waliofiwa wamletee karatasi iliyoandikwa na karani wa shamba, yaani mtu kama mimi, ikionyesha nani alikuwa na bunduki siku ile. Alisema huruma haipigi kura barazani, ila majina yanaweza kuwaaibisha wale wanaopiga.

Katika shamba letu aliyefiwa ni Kamene. Mumewe, Kaleli, alikuwa fundi wa mashine ya kumenya kahawa. Alipigwa risasi miaka miwili iliyopita, mchana, karibu na ofisi yangu. Polisi walimaliza uchunguzi kabla ya chakula cha jioni. Walisema aliamriwa kusimama akakaidi. Kamene aliambiwa kwamba bunduki ya shamba ndiyo iliyompiga mumewe, kana kwamba ilitoka kabatini yenyewe ikaenda.

Lakini kambi nzima inajua jina, au inadhani inajua. Ni Sele, nyapara wetu. Katika daftari la bunduki, ambalo mimi ndiye ninayelitunza, alama ya dole gumba lake ipo kwenye tarehe ile. Tangu hapo watu hawamsalimu. Mkewe, Mwanarusi, huchota maji peke yake, wenzake wakishaondoka.

Wiki iliyopita Sele alikuja ofisini, akafunga mlango, akaniuliza nitaandika jina gani kwenye karatasi ya Kamene. Nilimwambia sijui. Akaniambia kwamba yeye anajua kungoja, lakini si daima. Tangu siku hiyo huweka kiti chake mbele ya dirisha langu akasafisha bunduki, ingawa kaka, bunduki ile imekwisha kung'aa. Hanitazami. Nikitoka huinuka, nikirudi huketi. Naogopa, nakwambia wazi.

Wewe ulinifundisha kuandika, ukanichapa vidole kwa ajili ya herufi zangu mbaya, basi ni wewe wa kwanza kusoma hili. Sele ni Mwislamu. Kila Ijumaa huenda Thika kuswali, na Bwana Mkubwa, mwenye shamba, hapendi nyapara aache lindo. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu: asubuhi ya Ijumaa anatia dole gumba daftarini kama kawaida, kisha ananiachia bunduki mimi mpaka arudi. Daftari lilikuwa safi, na Bwana Mkubwa alilisifu.

Kaleli alikufa siku ya Ijumaa.

Wiki ile tulikuwa tumesikia habari za watu wa msituni, wale waliokuwa wakipigana na serikali. Nilimwona mtu akitoka kati ya mikahawa akikimbia, ameshika chuma. Nikapaza sauti asimame. Hakusimama. Nilitaka kupiga juu, naapa, lakini mikono yangu haikunisikia. Chuma kile kilikuwa spana. Mkanda wa mashine ulikuwa umekatika, naye alikuwa anakuja kuniambia. Angesimamaje, kaka, na alikuwa ananikimbilia mimi?

Sele aliporudi nilimshika miguu nikalia. Angesema alikuwa Thika, tungefukuzwa wote wawili. Akakubali kulibeba, akidhani ni jambo la wiki moja. Ofisini, ule mlango ulipofungwa, aliniambia pia kwamba amelibeba miaka miwili mbele ya watu, ila mbele ya jaji hatalibeba. Mimi ndiye niliyemfanya awe mtu wa kuogopwa.

Jana Kamene alikuja na karatasi tupu. Hajui kusoma. Nilifungua daftari, naye akainama kulitazama pamoja nami, akaniuliza dole lipi ni la muuaji. Nilikuwa na njia nyepesi kabisa: niandike Sele, na daftari lingenishuhudia. Lakini watetezi wa bunduki wangetafuta kalenda, wangeona ni Ijumaa, Sele akiwa anaswali Thika, na hoja yote ya Bwana Ndambuki ingeanguka kwa uongo wangu. Na Sele angeweza kunyongwa kabla hawajatazama. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: Aliyekuwa na bunduki, na aliyeipiga, ni Tobias Wamalwa, karani. Nikatia sahihi.

Kamene aliikunja akaifunga kwenye pindo la leso. Alinishukuru, akasema katika shamba hili mimi peke yangu ndiye niliyemwonea huruma. Nikafunga daftari. Ameondoka na treni ya asubuhi hii kumpelekea Memba.

Sele nimemwambia. Ameondoa kiti.

Usije huku, hata ukisikia lolote. Mtunze Nekoye, na umwambie wewe mwenyewe, asisikie sokoni. Wasalimie mama, mkeo Nelima na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Nawaombea heri. Barua hii itakufikia Alhamisi, na Memba ataisoma karatasi Jumatano, akiwa amesimama, na Kamene ameketi juu pale wanapokaa wasikilizaji. Hapo ndipo atakaposikia alimshukuru nani.

Mimi mdogo wako,
Tobias Wamalwa