Kurasa Zilizogandana kwa Uji

Kansanga, Kampala
Desemba 1994

Dada yangu mpendwa Teresa,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako, ambaye bado anapumua, anakula matoke na hajafukuzwa kazi, ingawa katika hilo la mwisho nimenusurika chupuchupu. Habari za huko Funyula? Mgongo umepoa? Shemeji Wandera ameacha kubishana na daktari? Mimi ni mzima, ila usingizi umekuwa haba, na leo nitakueleza sababu.

Unajua nilivyo. Mama alisema nikipewa yai nitalitikisa kwanza ndipo nishukuru. Basi nilipokabidhiwa darasa la tatu, mwalimu mkuu, Bwana Ogwal, aliniita nisikie watoto wakisoma. Walisoma kitabu cha Kiingereza cha fisi aliyeazima gauni ili aende harusini akijifanya shangazi, wote kwa sauti moja, mpaka wapita njia wa barabara ya Ggaba wakasimama kusikiliza. Kinara wao alikuwa Alal, binti wa Konstebo Okidi wa kambi ya polisi. Huyo alikuwa hakwami hata penye nukta. Akija mgeni shuleni, anaitwa Alal. Jioni baba yake naye huwaita majirani wa kambini waje wamsikilize, kama wanavyosikiliza taarifa ya habari. Nikasema moyoni, hili yai nalo nilitikise.

Siku moja, akiwa anasoma mbele yangu, niliona kurasa mbili za kitabu chake zimegandana kwa uji wa saa nne. Hakuzibandua. Alisoma yaliyofichwa ndani neno kwa neno, macho yakiwa dirishani, kisha akaendelea na ukurasa uliofuata. Nikampa kitabu kipya, akanitazama tu. Wenzake nao vilevile. Walikuwa wamekariri kila kitu kwa kumfuata mwalimu aliyenitangulia. Iliniuma, dada, maana mtoto mwenyewe hakujua kwamba hajui.

Nikapiga marufuku kuimba kitabu. Sasa tunafunika maandishi, tunatazama picha, kila mtu anakisia kitakachotokea. Kisha anasoma kimya, kwa macho yake, aone kama alipatia. Akikwama, anarudi mwanzo wa sentensi atafute neno linaloleta maana. Mwishowe anamsimulia jirani yake kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa Kiswahili cha kambini.

Balaa likaanzia hapo, kwa sababu darasa lilinyamaza. Hapa Kampala darasa likiwa kimya, watu wanajua mwalimu amesinzia. Haukupita muda nikaanza kuona upara wa Bwana Ogwal ukipita nje ya dirisha langu, unakwenda, unarudi. Akaniita ofisini akaniuliza, "Darasa gani hii haina sauti?" Nikamjibu kwamba kimya kina mshindo mkuu. Akasema wazazi hawalipi karo kwa ajili ya mshindo wasiousikia. Siku ya kufunga shule Alal angesoma mbele yao. Akishindwa, nifunge virago nirudi kwetu Kenya.

Nani alimpelekea maneno? Nilimshuku Maimunah, mwalimu wa darasa la pili, ambaye tumetenganishwa naye kwa ukuta wa mafunjo tu. Kila nikianza somo, darasa lake lilinyamaza ghafla. Mara moja niliona jicho kwenye tundu la ukuta ule! Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaacha kunywa naye chai, na chaki zangu nikawa naenda nazo nyumbani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu niliiona ikivutwa kutoka upande wa Maimunah. Hata Alal alipoanza kununa, akikwama machozi yanamlengalenga, nilidhani ni Maimunah anayemtia maneno.

Siku ikafika. Konstebo Okidi aliketi mstari wa mbele, sare imepigwa pasi ikanyooka. Alal alisimama na kitabu kilekile cha fisi, lakini hakuimba. Aliweka kidole kwenye mstari, akasoma polepole, akakwama, akarudi nyuma, akasoma tena. Wazazi wakaanza kunong'ona. Bwana Ogwal alinitupia jicho ambalo lilinifanya nianze kupanga masanduku kichwani. Kisha Alal akafika pale bibi harusi anapouliza, "Shangazi, mbona unadondokwa na mate ilhali mbuzi bado hajachinjwa?" Akairudia sentensi hiyo kimoyomoyo, midomo ikicheza. Halafu akacheka. Dada, alicheka mpaka kitabu kikamponyoka! Baba yake akataka kujua kinachomchekesha, naye akaeleza kwa Kiswahili chao. Konstebo akaangua kicheko, na wazazi wote wakafuata. Bwana Ogwal alicheka wa mwisho, lakini alicheka.

Baadaye aliniambia nibaki muhula ujao, tuone kwanza. Nikamuuliza waziwazi kama Maimunah ndiye aliyenichongea. Alishangaa. Hakuna mwalimu aliyefika ofisini kwake. Aliyefika ni Alal, akilia, akisema, "Mwalimu ameondoa kusoma yangu." Jioni moja baba yake alikuwa amewaita majirani kama kawaida, Alal akajaribu kuyatazama maneno yenyewe, akakwama, wakamcheka. Mimi nilikuwa nawinda adui nyuma ya mafunjo, na aliyekuwa anaumia yuko dawati la mbele. Maimunah naye kanieleza kwamba alikuwa ananyamazisha darasa lake ili asikie ninavyofundisha, kisha akajaribu njia hiyo kwake. Jana ameniletea viazi vitamu. Nimevila, ila kwanza nilivikatakata nione ndani.

Nilipokuwa nafunga darasa, Alal alinijia. Nilitaka kumwomba radhi, akaniwahi. Alikuwa amekunja uso, ananiangalia kwa jicho lilelile ninalowaangalia watu mimi. Akaniuliza, "Mwalimu, kumbe hii kitabu inachekesha tangu zamani. Kwa nini walimu walinificha?"

Naishia hapo, dada. Wasalimie wote wa nyumbani. Shemeji usimsomee barua hii. Msimulie kwa maneno yako, nami nikija Krismasi nitamuuliza alichosikia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Celestine