Maneno Niliyomsomea Babu

Jumatatu, 3 Juni

King'amuzi kimekatwa leo. Baba amesema hakilipii tena. Kifurushi kinapanda kila tukigeuka, na nusu ya chaneli hatuzijui hata kwa sura. Sasa tumeingiziwa intaneti ya nyumbani, basi tuhamie huko. Tuchague app moja ya kulipia kwa mwezi. Moja! Asisikie habari ya mbili.

Kisha akanigeukia mimi. Ati mimi ninayesoma mpaka maandishi ya nyuma ya pakiti ya chumvi ndiye nitafute iliyo nafuu, tusije tukaingizwa mjini.

Kaka akacheka, akanipigia saluti: "Mheshimiwa Waziri wa Televisheni!" Yeye anataka yenye mpira. Mama anataka yoyote isiyogandaganda. Babu aliuliza swali moja tu: na mzee wa viatu naye yumo huko?

Mzee wa viatu ni tamthilia yake. Imetoka nchi ya mbali. Lugha yao hakuna anayeijua humu ndani, na tafsiri ya Kiingereza inapita chini ya skrini mbio kama siafu. Kiingereza chenyewe Babu hakukisoma, na hata angekisoma, macho hayawezi tena. Kwa hiyo tangu alipohamia kwetu, kila jioni baada ya chakula, mimi ndiye ninayemsomea kwa Kiswahili. Namsemea mzee mwenye kiwanda cha viatu, mkewe, wakili wao, wote. Mbwa wao angeongea ningemsemea naye.

Ajabu yangu hii. Darasani mwalimu wa fasihi akinitaja nisome kwa sauti, koo linajifunga kama mdomo wa gunia. Kwa Babu nasema kama kijiji kizima. Ndiyo maana ananiita Msomaji.

Jumatano, 5 Juni

Nimezijaribu zote kwa zile siku za bure. Ya kwanza ni rahisi, ila matangazo! Mtu anafungua mdomo aseme nani kamuua nani, mara unaonyeshwa sabuni. Ya pili ina mpira wote wa dunia, lakini kwa bei tunayoweza inaruhusu skrini moja tu. Kaka akifungua kwenye simu yake, sebuleni giza. Ya tatu ni nusu ya kile kifurushi cha zamani, inaruhusu skrini mbili, na tamthilia za nje zimetiwa sauti za Kiswahili. Mzee wa viatu yumo! Tena yote, toka sehemu ya kwanza hadi ya mwisho.

Nimemwambia Baba hiyo ndiyo inayotufaa wote. Ni kweli. Kaka amesema nimeiuza nchi.

Sababu yangu nyingine sikuisema. Nimechoka kusoma kwa ajili ya mtu mwingine. Nina riwaya ya maktaba, imekaa chini ya mto, karibu irudishwe na mimi bado niko mwanzo. Babu akipata sauti zake, mimi nitapata jioni zangu.

Ijumaa, 7 Juni

App imeunganishwa! Baba amelipa, nikampitisha Babu kitufe kwa kitufe. Nikamwonyesha na kurudi nyuma — kwamba huku hupitwi na kitu, sehemu yoyote unayoitaka, hata ya mwaka juzi, unaibonyeza inakuja. Nilijisikia kama muuza duka mwenye bidhaa mpya.

Mzee wa viatu akafungua kinywa, kikatoka Kiswahili. Babu akaruka kidogo kitini. "Lo! Kumbe mlikuwa mnaweza muda wote huu!"

Tulicheka wote. Nikachukua riwaya yangu nikaenda chumbani. Nimesoma sura nzima bila kukatizwa. Mama amesema nimefanya kazi nzuri.

Mara moja tu nilimsikia Babu akiuliza, "Sasa huyu naye ni nani?" Hakuna aliyemjibu. Nilifikiria kutoka. Sikutoka.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi Babu yuko kibarazani, anapiga msasa mguu wa kigoda alichotoka nacho karakanani kwake. Mkono wa seremala haustaafu. Akaniambia mke wa mzee wa viatu amekuwa mkali siku hizi. Na wakili, yule mtu wa heshima, jana kamtukana mlinzi! "Walikuwa watu wenye adabu, Msomaji. Wamehamia kwenye intaneti wameharibika."

Nilicheka. Kisha nikaacha.

Adabu ile ilikuwa yangu mimi.

Niandike yote, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Mwanzoni nilikuwa nafupisha tu, maandishi yanakimbia. Halafu nikaanza kuacha matusi — nitamtamkiaje mzee maneno yale? Halafu nikaona akifurahi mahali, naongeza. Mke wa mzee nilimpa upole. Wakili nilimpa methali. Babu alikuwa anasikiliza kwa uso mzima, na mimi sijawahi kusikilizwa hivyo na mtu.

Halafu ikaja ile siku ya kurudi mtoto. Mwezi uliopita, bado tuko na king'amuzi. Mwana wa mzee wa viatu, aliyeondoka kwa hasira, anaingia kiwandani. Maandishi yalisema: Sikuja kukusalimia, nimekuja kuhakikisha unakufa peke yako. Nikamtazama Babu. Amekaa kwenye ukingo wa kiti, mikono imeshikana. Nilijua anamwona nani. Baba Mkubwa hajakanyaga kwetu tangu Babu alipouza karakana bila kumwuliza, karakana waliyofanya kazi pamoja, mbao kwa mbao. Mimi nilikuwa mdogo. Jina lake likitajwa mezani, watu wanaanza kutafuta chumvi.

Basi nikasoma: "Baba, nilitaka kurudi siku nyingi. Nilishindwa nianzie wapi."

Yule mwigizaji alikuwa amekunja uso kama ngumi. Babu akasema, "Anajikaza asilie."

Kesho yake akaomba simu ya Baba, akampigia Baba Mkubwa.

Jumatatu, 10 Juni

Baba Mkubwa anakuja! Jumapili hii. Baba alizungumza naye, akarudi sebuleni amesimama tu, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ambebe na hajui kumshika. Mama ameshaanza kufua mapazia. Babu ameenda kwa kinyozi na kurudi akijipapasa kidevu.

Halafu akaniita. Anataka kuiona tena ile siku ya kurudi mtoto. Kabla mwanawe hajaja. "Si ulisema huku inarudi yoyote? Nataka nimsikie yule kijana kwa sauti yake."

Nikamwambia mtandao ni mbovu leo.

Kwa nini sikuchagua ile yenye sabuni? Matangazo yangetuudhi, basi. Na mzee wa viatu yumo huko pia, kwa maandishi ya chini tu. Ningekaa palepale kwenye mkeka na kusoma.

Jumatano, 12 Juni

Jana nilisema mtandao bado. Leo, kabla ya shule, nilichomoa waya nyuma ya kile kisanduku cha intaneti. Mimi! Ambaye hata kitabu cha maktaba sijawahi kukunja ukurasa.

Kaka alilia siku nzima kama kafiwa. Baba akaita fundi. Fundi kaja na begi kubwa la vifaa, kachungulia nyuma ya kabati, kachomeka waya, kasimama. "Mzee, hapa hamna ugonjwa. Nyumba ina paka?" Hatuna paka. Baba akamtazama Kaka. Kaka akaapa kwa kila kitu. Nimemwacha aape.

Babu akafurahi: "Kumbe ni hilo tu!" Nikamwahidi kesho. Nikasema nina mazoezi mengi ya hesabu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimechelewa kutoka shule, zamu ya kufagia maktaba. Nimefungua mlango nikasikia sauti nzito ya Kiswahili safi kabisa:

"Sikuja kukusalimia. Nimekuja kuhakikisha unakufa peke yako."

Kaka alikuwa amemwekea. Ananiambia, "Si alikuwa anaitaka tu? Nimemfanyia wema, unaninunia nini?" Hana kosa. Hajui lolote.

Babu akasema, "Rudisha." Kaka akarudisha. Yule kijana akasema tena. "Rudisha." Akasema tena. Kisha Babu akachukua rimoti mwenyewe na kuzima. Akanitazama, bado nina begi mgongoni.

"Yule kijana hakusema hivyo."

Nikashika kamba za begi. Kama darasani.

"Au ndivyo alivyosema tangu siku ile?"

Nikatikisa kichwa kuitikia. Akanyanyuka, akaenda kulala, na jua bado halijazama. Hakula.

Ijumaa, 14 Juni

Babu hasemi nami. Salamu anaitikia, basi.

Amemwambia Baba ampigie Baba Mkubwa, asije. Baba amegoma: mtu keshaomba ruhusa kazini, umwambie nini sasa? Akaniuliza kama najua Babu ana nini. Nikasema sijui.

Riwaya nimeirudisha. Sikuimaliza.

Jumamosi, 15 Juni

Nimemfuata kibarazani. Nilikaa kwenye ngazi kwa muda, nikimtazama anapiga msasa mguu uleule, mguu uliokwisha kuwa laini zamani. Nikasema, "Babu, nisamehe."

Hakuniangalia. Alizungumza kana kwamba anakiambia kigoda. Kwamba siku ile aliyompigia Baba Mkubwa hakuwa na maneno yake. Alitumia yangu. Alimwambia, "Najua ulitaka kurudi, mwanangu, ulishindwa tu uanzie wapi." Na upande wa pili kimya. Kimya kirefu. Halafu: "Nitakuja."

"Mimi nikakisoma kile kimya," Babu akasema. "Nikasema, huyu analia. Kwa kuwa yule wa kwenye televisheni naye alikuwa akijikaza asilie, si ndiyo? Sasa najua yule hakuwa akilia. Sasa huyu wangu sijui anakuja na lipi."

Nikafuta vumbi la mbao kwenye ngazi kwa kiganja.

Akauliza nani mwingine nilimbadilisha. Nikamwambia. Mke. Mlinzi. Shangazi mwenye duka. Wakili.

"Hata wakili?"

"Methali zote zilikuwa zangu, Babu."

"Aa! Na mimi nilivyompenda yule wakili!" Akacheka, kweli akacheka, mpaka vumbi la mbao likamwingia na kukohoa. Nikadhani yamekwisha. Nikaanza kucheka na mimi. Lakini alinyamaza ghafla na kusema, "Ungeniambia, Msomaji. Ningekuambia endelea. Lakini ningekuwa najua."

Hilo limenichoma kuliko kama angenichapa.

Jioni Baba aliwasha app. Babu hakuja sebuleni. Mzee wa viatu alizungumza peke yake na viti, mpaka Mama akazima. Bei nafuu, skrini mbili, sauti za Kiswahili. Nililinganisha kila kitu isipokuwa nani angekaa na Babu kwenye mkeka.

Jumapili, 16 Juni

Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya friji. Nimetumwa maji.

Baba Mkubwa amefika. Ana mabega ya Babu yaleyale, na ana mvi, sikutegemea mvi. Mama alimpokea kwa "karibu shemeji, karibu, karibu" nyingi mno. Baba alimshika mkono akasahau kuuachia. Kaka amevaa shati la kola!

Babu alikuwa kitini mwake tangu asubuhi. Alipolisikia geti aliniita. "Njoo. Kaa hapa." Akanionyesha mkeka, palepale pangu pa zamani, karibu na goti lake. Ni mara ya kwanza ananiita tangu Alhamisi. Niliketi.

Baba Mkubwa hakuketi. Alisimama karibu na kabati la televisheni, akatazama mapazia, akatazama kile kigoda ambacho Babu alikiingiza ndani asubuhi, akakitazama sana. Kisha akasema, taratibu, bila kumtazama mtu:

"Sitakaa sana. Nimekuja kwa kuwa umeniita."

Basi. Hayo tu. Mama akarekebisha kitambaa cha meza kilichokuwa sawa.

Babu akainama kwangu.

"Amesemaje, Msomaji?"

Masikio ya Babu ni mazima. Anasikia maembe ya jirani yakidondoka. Na Baba Mkubwa alisema kwa Kiswahili, Kiswahili cha wazi, cha humu humu ndani. Wote wakanitazama. Baba Mkubwa pia — hapo ndipo aliponitazama mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa umekunjwa kama ngumi. Sijui ni wa hasira au wa mtu anayejikaza. Naapa sijui. Hapa hakuna maandishi chini.

Nilifungua mdomo. Mama akaniokoa: nenda kalete maji, mwanangu, mgeni kasafiri.

Glasi ziko tayari kwenye sinia. Najaribu. "Amesema hatakaa sana." Ndiyo kweli yenyewe. "Amesema umemwita, akaja." Na hiyo pia ni kweli. Yote mawili ameyasema, kwa mdomo wake. Ni lipi la kuanza, ndiyo shida yangu.

Sebuleni bado kimya. Hakuna aliyeondoka. Nimesikia kigoda kikiburutwa sakafuni, sijui ni nani anayekiburuta, wala kinapelekwa upande gani.

Babu ananiita.